Herufi Milioni 8.3: Tumesoma, Je, Tumeelewa?

Hoja iliyo mezani: mwaka 2008 watafiti wa Marekani, Japani na Australia walichapisha jenomu nzima, yaani DNA yote, ya Acaryochloris marina, bakteria wa baharini anayeishi kwa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni sawasawa. Kazi ile ilituletea maarifa, au ilituletea orodha ndefu ya majina?

MTAALAMU WA JENOMU: Nianze na sababu ya bakteria huyu kusomwa. Kila kitu cha kijani unachokijua, kuanzia mchicha wa bustanini hadi mbuyu, kinakamata mwanga wa jua kwa klorofili a, huku klorofili b ikisaidia pembeni. Kwa miaka mingi tuliamini kwamba usanisinuru wote unaotoa oksijeni hauwezi kwenda bila klorofili a kushika usukani. Kisha mwaka 1996 Hideaki Miyashita na wenzake wa Japani wakatangaza kwamba katika visiwa vya Palau, Pasifiki, wamempata kiumbe ambaye zaidi ya asilimia 90 ya klorofili yake ni klorofili d. Huyu anatumia mwanga mwekundu wa mwisho kabisa, ule wa kuanzia nanomita 700 na kupita kidogo, mahali ambapo macho yetu yanaishia. Anapasua maji na kutoa oksijeni kama mmea, lakini kwa mwanga ambao mimea inauacha upite. Ukimpata kiumbe wa namna hii halafu usitake kujua kila alichobeba ndani yake, basi sijui utataka kumjua nani.

MKEMIA: Kwa ruhusa yako, dada yangu, na mimi nianzie hapo hapo Palau, maana ndipo ninapoona hoja yako inavuja. Miyashita hakumpata bakteria huyu kwa mashine ya kusoma DNA. Alikuwa akimtafuta mwingine kabisa, Prochloron, anayeishi ndani ya mnyama laini wa miambani aitwaye Lissoclinum patella. Ukimwona mnyama huyo juu ya tumbawe utadhani ni ute wa kijani ulioganda. Ukimminya, maji ya kijani yanatoka. Katika maji hayo, yalipowekwa kwenye chupa na kuachwa yakue, zikaota seli ambazo hakuna aliyezitarajia. Wakazikamua rangi zake, wakazipima, na klorofili d ikajitokeza. Kazi ile ilifanywa na macho, vidole na subira.

Tena klorofili d yenyewe ilikuwa ya zamani. Winston Manning na Harold Strain waliiandika mwaka 1943 kule California, wakaihesabu kuwa ya mwani mwekundu. Shida ni kwamba wengine walipoitafuta kwenye mwani ule ule, mara ilionekana, mara haikuonekana. Wapo waliodhani ni uchafu wa maabara. Imebidi tungoje hadi mwaka 2004, watafiti wa Japani walipoutazama mwani huo kwa makini na kukuta kwamba klorofili d ni ya bakteria wadogo walioung'ang'ania juu yake. Ndugu zake Acaryochloris! Miaka 61 mpangaji alidhaniwa kuwa ndiye mwenye nyumba, na aliyetutoa gizani ni mtu mwenye hadubini.

BWANA SHAMBA: Hapo umenigusa, Mwalimu. Mwani mwekundu ndilo kundi la spinosum na cottonii ambao kina mama wa Paje na Jambiani wanaufunga kwenye kamba. Kumbe juu ya mwani mmoja huenda pakawa na wakazi wengine kabisa, na mtu akipima mwani anapima na wakazi wake bila kujua.

MTAALAMU WA JENOMU: Ndiyo, na hilo ni somo zuri, ila msilitumie kunifunga mdomo. Hadubini ilituambia bakteria yuko wapi. Haikutuambia amejengwaje. Jenomu ilipokamilika tuliona mambo ambayo hakuna lenzi ingeyaonyesha. La kwanza ni ukubwa wake: jozi za herufi za DNA milioni 8.3, na jeni zaidi ya 8,000. Linganisheni na Synechocystis, kiumbe wa kwanza wa usanisinuru kusomwa jenomu yake yote, Japani, mwaka 1996. Huyo ana milioni 3.6 tu. Prochlorococcus, ambaye amejaa katika bahari za joto, ana aina zisizofika hata milioni 1.7. Bahari yenye chakula haba imemfundisha Prochlorococcus kutupa mizigo. Acaryochloris yeye amekuwa akibeba tu.

La pili ni namna alivyoipanga mizigo hiyo. Fikirieni mwanafunzi mwenye kitabu kimoja kikubwa, na pembeni daftari tisa. Kitabu ni kromosomu yake, daftari ni plazmidi, vipande vya DNA vya duara vinavyojitegemea. Zaidi ya robo ya jeni zake zinazoandika protini zimo kwenye daftari hizo. Tena kuna nakala nyingi za recA, jeni inayohusika na kukarabati DNA na kuunganisha vipande vyake, na kuna vipande vingi vinavyoweza kuhama kutoka mahali hadi mahali. Huyu ni bakteria anayeazima, ananakili, anabandika. Jambo hilo limo kwenye herufi, na mahali pengine huwezi kuliona.

Na la tatu ndilo lililonifanya mimi nisilale. Protini zinazoshika klorofili katika mitambo yake ya nuru hazikubadilika sana. Amebadilisha rangi karibu yote ya mtambo, lakini mwili wa mtambo umebaki unafanana na wa ndugu zake wanaotumia klorofili a. Mtu akibadilisha injini ya gari kutoka petroli kwenda dizeli bila kugusa bodi, hutaki kujua alifanyaje?

MKEMIA: Ninataka sana, na ndiyo maana nauliza: alifanyaje? Maana jenomu unayoisifia haikujibu. Tuitazame molekuli yenyewe. Klorofili ni kama pete kubwa yenye magnesi katikati na mkia mrefu. Pembeni mwa pete, mahali ambapo kemia huhesabu kaboni namba 3, klorofili a ina kikundi kidogo kiitwacho vinili. Klorofili d ina fomili mahali pale pale. Tofauti yao imeishia hapo. Atomu chache upande mmoja wa pete, na mwanga unaokamatwa unasogea karibu nanomita 30 kuelekea upande tusiouona.

Mabadiliko madogo kama hayo lazima yawe na kimeng'enya chake. Klorofili b nayo hutokana na klorofili a kwa kuwekewa fomili mahali pengine pa pete, na jeni ya kimeng'enya chake imejulikana tangu mwaka 1998. Kwa hiyo mwaka 2008, jenomu ilipochapishwa, watu walitegemea wafungue kitabu, watafute jeni inayofanana na ile, waiwekee kidole: hii hapa. Hakuna iliyojitokeza. Kitabu kilikuwa wazi, kila herufi mahali pake, na neno moja tulilolifuata likawa halisomeki. Kiumbe huyu ana kitu kimoja kinachomfanya awe yeye, nacho ndicho jenomu ilichoshindwa kutuonyesha. Ndiyo maana nasema tulipata majina mengi.

BWANA SHAMBA: Mnisamehe, wataalamu wangu, lakini mnapigania kitu ambacho sijaona kinashukaje hadi shambani. Kazi yangu ni kupita kwa wakulima waliopanda maharage chini ya mahindi. Mahindi yakishafika kifuani, maharage yale yanaanza kurefuka ovyo. Shina linakuwa jembamba, majani machache, maua hafifu. Mkulima ananiambia, "Bwana Shamba, haya yanatafuta jua." Ni kweli yanatafuta jua. Niambieni basi, herufi milioni nane za bakteria wa Palau zinamsaidia nini mkulima huyu?

MTAALAMU WA JENOMU: Ndugu yangu, umeuliza swali lililokaa katikati kabisa ya jambo hili. Siku ukiwa shambani, chukua jani la mhindi, liinue kati ya uso wako na jua. Unaona kijani kinapita, kwa kuwa nyekundu na buluu jani limezila. Kuna mwanga mwingine unaopita kwa wingi zaidi ya hicho kijani, nao ni huo wa nanomita 700 na zaidi, ila jicho lako linaukosa. Chini ya mahindi pale, maharage yako hayako gizani kama unavyodhani. Yamezungukwa na mwanga ambao hayana chombo cha kuukinga.

Na maharage yanajua! Yana protini iitwayo fitokromu inayopima uwiano wa mwekundu wa kawaida na ule mwekundu wa mbali. Mwekundu wa mbali ukizidi, mmea unaelewa kwamba kuna majirani juu yake, unaacha kujaza majani na maua, unaanza kukimbilia juu. Ule urefu wa ovyo unaouona ndiyo habari hiyo. Sasa Acaryochloris anaishi maisha ya maharage yako. Mwaka 2005 watafiti wakiongozwa na Michael Kühl walionyesha kwamba wanakaa upande wa chini wa wanyama wale laini wa miambani. Juu yao Prochloron amekwisha kula mwanga wote unaoonekana. Kinachowafikia ni makombo ya nuru, na wao wakajifunza kushiba makombo. Mwaka 2011 Min Chen wa Sydney na Robert Blankenship, mmoja wa walioongoza usomaji wa jenomu hii, waliandika kwamba mmea ukiongezewa uwezo wa kutumia mwanga hadi nanomita 750, chembe za nuru unazoweza kuzitumia zitaongezeka kwa takriban asilimia 19.

MKEMIA: Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kühl aliinama kweli. Alipima mwanga chini ya wanyama wale, mahali ambapo mwogeleaji wa kawaida anapita juu tu. Nashukuru umemtaja, kwa sababu na huyo ni wangu.

Lakini hiyo asilimia 19 tuiseme yote. Hiyo ni hesabu ya mwanga uliopo. Haijawa gunia la maharage. Chembe ya mwanga mwekundu wa mbali ina nguvu ndogo kuliko ile ya mwekundu wa kawaida, na kazi ya kupasua maji inahitaji nguvu nyingi. Ukipunguza nguvu inayoingia, mtambo unafanya kazi ukiwa karibu na ukingo, hauna akiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliupima mtambo wa klorofili d ukaona kwamba ni hodari katika mwanga hafifu, lakini ukipigwa na mwanga mkali unaharibika kwa urahisi, kwa sababu unazalisha aina ya oksijeni inayounguza. Chini ya wanyama wale, hilo si tatizo. Kwenye shamba la Dodoma saa sita mchana je?

BWANA SHAMBA: Na mimi nina langu. Tuseme mmelipata hilo neno lililofichika, mkaliweka ndani ya mahindi na maharage. Jani la juu la mhindi nalo litaanza kula mwanga huo huo. Basi maharage ya chini, ambayo leo yanapata makombo ambayo hayana uwezo wa kuyala, kesho hayatapata hata hayo makombo. Na fitokromu hiyo uliyoitaja itasomaje habari ikiwa mwekundu wa mbali umeliwa juu? Mmea unaweza kudhani uko peke yake uwanjani huku umefunikwa. Mimi si mtu wa maabara, lakini nimeona mara nyingi dawa ya tatizo moja shambani ikizaa matatizo mawili.

MTAALAMU WA JENOMU: Swali lako limewasumbua pia wanaofikiria jambo hili kwa makini. Jibu linalopendekezwa ni kwamba klorofili ya namna hii iwekwe kwenye majani ya chini tu, yale yaliyofunikwa, ambako hakuna jua kali na ambako makombo yako mengi. Hilo linajibu na hofu ya Mwalimu. Kulitimiza ni kazi ngumu, nakubali. Siku hiyo haijafika na sitawaahidi itafika lini.

Lakini turudi kwenye kimeng'enya, kwa sababu Mwalimu amesimama juu ya hilo kana kwamba ni kaburi la hoja yangu. Mwaka 2010 Min Chen aligundua klorofili nyingine, f, katika sampuli za mawe yaliyojengwa na bakteria kule Shark Bay, Australia Magharibi. Hiyo inakamata mwanga wa mbali zaidi hata ya d. Nayo ina fomili pembeni mwa pete, kaboni namba 2 safari hii. Kila mtu akauliza lile lile: kimeng'enya kiko wapi? Mwaka 2014 kundi la Donald Bryant, Pennsylvania, lilisoma jenomu na kukuta kundi la jeni zipatazo 20 zilizokaa pamoja, zinazoamshwa bakteria anapowekewa mwanga mwekundu wa mbali. Mwaka 2016 kundi hilo hilo likatangaza kwamba mojawapo ya jeni hizo ndiyo inayotengeneza klorofili f.

Na ni jeni gani? Ni ndugu wa protini ya mtambo wa kupasua maji wenyewe! Protini ambayo kazi yake inajulikana, inayofundishwa vyuoni, ndugu yake mmoja amegeuka kuwa mtengenezaji wa klorofili, tena anayehitaji mwanga ili afanye kazi. Hakuna mkemia duniani ambaye angekaa na peni yake akalikisia hilo. Alionekana kwa sababu jenomu ilimwonyesha amekaa kwenye kundi asilotarajiwa kukaa.

MKEMIA: Hadithi ni ya kweli, na umeisimulia vizuri, lakini umeruka sehemu yangu. Jenomu ilitoa washukiwa 20. Nani alimkamata mhalifu? Walichukua bakteria wawili wenye klorofili f, wakaiharibu jeni ile moja tu, wakawarudisha chini ya mwanga. Klorofili f ikatoweka. Kisha wakaichukua jeni hiyo hiyo, wakamwekea bakteria wa tatu ambaye hajawahi kutengeneza klorofili f maishani mwake. Akaanza kuitengeneza, kidogo, lakini inapimika. Hapo ndipo tulipojua. Kila hatua ya hizo ni mtu amekaa na chupa za viumbe wanaokua polepole, anabadilisha maji, anachuja rangi, anaingiza kwenye mashine ya kutenganisha, anasubiri mstari upande mahali fulani kwenye karatasi. Wengi wa wanafunzi wangu hawataki kazi hiyo. Wanataka kukaa mbele ya kompyuta walinganishe herufi, kwa sababu huko ndiko makala yanatoka haraka.

Ugomvi wangu upo hapo, dada yangu. Fedha za umma zinafuata kinachomalizika. Jenomu ni kazi yenye mwisho unaoonekana: leo haijasomwa, kesho imesomwa, tangazo linatolewa. Kimeng'enya kinaweza kukulia miaka 10 usikipate, na hakuna anayetangaza kwamba amekosa. Basi mashine zinanunuliwa, mikono haiajiriwi. Matokeo yake tuna maelfu ya jenomu za bakteria zilizojaa jeni zilizoandikwa "kazi haijulikani".

MTAALAMU WA JENOMU: Hapo umesema jambo ambalo siwezi kulipinga, na siku ukiliandika nitatia saini yangu chini yake. Lakini usinifanye mimi adui wa mikono. Bila orodha, mikono ingeanzia wapi? Acaryochloris ana jeni zaidi ya 8,000. Uziharibu moja moja? Mpango waliouzungumzia wasomaji wa jenomu mwaka 2008 ulikuwa huo huo wako: wachague washukiwa kutoka kwenye orodha, wawaingize mmoja mmoja ndani ya bakteria mwenye klorofili a, watazame rangi yake itabadilika lini. Jenomu ndiyo iliyoufanya mpango huo uwezekane.

Na orodha inazidi kupungua. Mwaka 2018 alitangazwa ndugu wa Acaryochloris asiye na klorofili d kabisa. Badala yake ana klorofili b. Huyo ni zawadi. Ukimlinganisha na ndugu zake, jeni waliyonayo wote wenye d na anayoikosa yeye inapanda juu kwenye orodha ya washukiwa. Ulinganisho huo hauwezekani kama hujamsoma wa kwanza. Yule wa 2008 ndiye kipimo ambacho kila anayekuja nyuma anapimwa nacho.

BWANA SHAMBA: Mimi nina neno la kando, lakini limenikaa rohoni, nalisema. Mmezungumza Marekani, Japani, Australia. Palau nimeisikia mwanzoni tu, halafu ikapotea. Huku kwetu tumewahi kuonja hilo la kusahauliwa. Bakteria wa Ziwa Bogoria, Kenya, walichukuliwa miaka ya 1990 mwanzoni, vimeng'enya vyao vikaingia kwenye biashara ya sabuni na ya kufifisha nguo za jeans. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza kudai haki. Na hao walichukuliwa kwenye chupa, mtu angeweza kuwaona wakipita forodhani. Herufi je? Herufi zinapita wapi?

MKEMIA: Swali zito. Mkataba wa Bioanuwai ni wa mwaka 1992, Itifaki ya Nagoya ilipitishwa 2010 ikaanza kutumika 2014. Yote miwili iliandikwa watu wakifikiria mbegu, majani, udongo, chupa. Herufi za jenomu hazihitaji chupa. Ukishaziweka wazi, aliyeko popote anazichukua, anaitengeneza jeni maabara kwake, na hajawahi kulikanyaga ziwa wala mwamba ilikotoka. Mazungumzo ya dunia juu ya hilo yamechukua miaka, na Mfuko wa Cali, ambao kampuni zinazofaidika na herufi hizo zinatakiwa kuuchangia, umezinduliwa Februari 2025 tu. Kampuni hazilazimishwi.

MTAALAMU WA JENOMU: Nami nalitetea dai la Bwana Shamba kwa moyo wote. Watu wa pwani waliolinda mwamba wana haki ya kutajwa, na faida ikipatikana wapewe fungu lao. Nachoogopa ni dawa moja inayopendekezwa mara nyingi, ya kuzifunga herufi kabatini. Tukizifunga, tutakaoumia kwanza ni sisi. Tajiri ana meli na maabara, atakwenda kuchukua sampuli mpya. Mwanafunzi wa Morogoro au Eldoret hana meli. Alicho nacho ni simu na bando la intaneti, na kwa hilo bando leo anaweza kufungua jenomu ile ile aliyonayo profesa wa Marekani, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Tutafute namna ya kumlipa mwenye mwamba bila kumfungia mlango mtoto wake.

BWANA SHAMBA: Hapo nakuelewa. Lakini akishaifungua ataona nini mtoto huyo? Kweli kabisa, ataona nini?

MTAALAMU WA JENOMU: Ataona herufi nne, a, t, g na c, zimepangwa kumi kumi, sitini kwa kila mstari, na namba pembeni. Ukiijumlisha kromosomu na plazmidi zote, ni zaidi ya mistari 138,000. Akipandisha juu kidogo ataona majina ya jeni, na mbele ya nyingi ameandikiwa kwamba kazi yake haijulikani. Mara ya kwanza nilipoufungua ukurasa huo nilikata tamaa kabisa. Mara ya pili nilianza kuzihesabu zile zisizojulikana, na nikaona kwamba kila moja ni kazi ya mtu fulani ambaye hajaianza.

MKEMIA: Basi mwambie na upande wangu. Mwambie asiishie kwenye ukurasa. Ajifunze kukuza kiumbe kwenye chupa, ajifunze kukamua rangi, ajue klorofili inavyonuka na inavyofifia ukiisahau juani. Na wanaogawa fedha nao niwaombe, kila shilingi wanayoitoa kusoma jenomu waiongezee nyingine ya kumlipa mtu wa kuzijaribu jeni zake. Klorofili f iligunduliwa mwaka 2010 ikapata jeni yake baada ya miaka 6. Klorofili d iligunduliwa mwaka 1943, na mwaka huo wa 2016, miaka 73 baadaye, na miaka 8 baada ya jenomu, jeni yake ilikuwa bado inatafutwa. Hesabu hiyo ndiyo hoja yangu yote.

BWANA SHAMBA: Na mimi msimu ujao nitaendelea kuwaambia wakulima waongeze nafasi kati ya mistari ya mahindi, maharage yapate jua lile tunalolijua. Mkipata jipya, nileteeni mbegu niijaribu kwenye kishamba kidogo kwanza.

MTAALAMU WA JENOMU: Tutakuletea. Kwa yeyote anayetaka kuanza kutafuta, kromosomu ya Acaryochloris marina imehifadhiwa katika hazina ya GenBank kwa namba CP000828. Inafunguka kwa simu, na haina malipo.